Kifuniko cha Kijivu

3 Februari

Kwa Mhifadhi, Makumbusho ya Ndege

Sitazunguka mbuyu. Jumamosi nilifunga duka langu la ushonaji saa sita mchana, jambo ambalo huwa nalifanya kwa misiba tu, nikaja kuitazama ndege ambayo marehemu baba yangu aliifanyia kazi wakati wa vita.

Kwanza, mmeichora meno. Meno makubwa meupe puani, na mitutu ya plastiki mmeibandika kwenye mabawa. Ndege ile ilikuwa ya upelelezi. Kazi yake ilikuwa kwenda, kupiga picha na kurudi. Haikuwahi kubeba hata manati. Aliyewaambia muivishe mitutu alipata wapi habari hizo, kwenye katuni?

Hilo la meno ningelimeza. Lililonishinda ni kibao. Mmeandika hivi, nimenakili neno kwa neno: "Safari ya thelathini na nne haikuleta picha kutokana na uzembe wa mpiga picha. Kesho yake askari kumi na mmoja walipotea mtoni, kwenye daraja ambalo tayari lilikuwa limekatwa."

Huyo mpiga picha ni baba yangu. Alikuwa akilala kifudifudi kwenye godoro jembamba tumboni mwa ndege, saa tatu au nne kila safari, kwa baridi ya kuganda vidole. Safari thelathini na tatu alileta picha. Hizo hamkuziandika. Baada ya ile moja alifukuzwa kikosini, akaishia kupiga picha za vitambulisho kwenye chumba cha futi nane kwa nane, na mtaa mzima ukimwita Picha Nyeusi. Mimi shuleni nilikuwa Mtoto wa Picha Nyeusi. Nilipigana sana kwa ajili ya jina hilo na nikapigwa sana pia.

Baba alikuwa mtu wa kukagua jiko mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Uzembe na yeye havikukaa chumba kimoja. Nilipokuwa nikimuuliza ilikuwaje, alisema tu, "Picha zilitoka nyeusi, basi," kisha anatafuta kitu cha kufuta vumbi.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Mama ana miaka sabini, anaishi kwangu, na amesikia redioni kwamba ndege itazinduliwa rasmi tarehe 20 Aprili. Ameshatoa nguo ya kuvaa. Kwa hiyo nawaambia mapema: kibao kile kiondoke kabla mama yangu hajakisoma.

Binti wa mpiga picha


14 Februari

Dada,

Barua yako nimeipokea na nimeielewa, pamoja na ukali wake.

Suala la meno na mitutu ni uamuzi wa Mkuu wa Makumbusho, aliyeona kuwa watoto wanaotembelea banda watavutiwa zaidi. Mimi ni fundi mhifadhi tu. Napokea maelekezo.

Kuhusu kibao, kimeandikwa kwa kufuata kumbukumbu rasmi za kikosi. Sipendi kukuumiza, lakini umenilazimisha. Ripoti ya safari ya thelathini na nne ninayo mezani. Chini yake kuna maelezo ya baba yako kwa mkono wake na sahihi yake: "Nilisahau kuwasha kamera. Hakuna mwingine anayehusika. Kosa ni langu peke yangu."

Mtu amekiri mwenyewe, dada yangu. Makumbusho hayawezi kumtetea mtu dhidi ya sahihi yake. Nakushauri umwandae mama taratibu.

Fundi Mhifadhi, Banda la Pili


19 Februari

Fundi Mhifadhi,

Asante kwa ushauri. Mama yangu si maiti, haandaliwi.

Nimeyasoma maneno ya baba uliyoyanakili zaidi ya mara kumi, huku wateja wanasubiri na pasi inaungua. Nina swali. Mtu akivunja sahani jikoni husema, "Samahani, nimevunja." Kwa nini aongeze, "Hakuna mwingine anayehusika"? Nani alikuwa amemuuliza habari za mwingine? Mimi nimelea watoto watatu, na aliyesema "si dada" kabla sijauliza ndiye aliyenionyesha kwamba dada yupo nyuma ya mlango.

Jambo la pili. Unasema hakuwasha kamera. Kamera isiyowashwa haitoi picha nyeusi, haitoi picha kabisa, filamu yake haijatembea hata kidogo. Hilo nalijua mimi fundi cherehani niliyekulia kwenye chumba cha kusafishia picha. Ripoti yako yenyewe inasemaje? Filamu ilitembea au haikutembea? Umeisoma yote, au ulisoma sahihi tu ukafurahi?

Na unisamehe kwa hili, lakini nitalisema. Umeandika kwamba wewe ni fundi tu, unapokea maelekezo. Fundi wa kweli akiletewa nguo iliyoharibika huigeuza ndani nje akatazama mshono. Wewe umeigeuza ile ndege? Au unaifuta vumbi tu na kuipaka meno?

Binti wa mpiga picha


11 Machi

Dada,

Barua yako ilinichoma, sitakuficha. Siku ya tatu nikachukua kikwaruzo nikayatoa meno yote bila kumwomba Mkuu ruhusa. Mitutu ya plastiki iko kwenye pipa. Ameniandikia onyo na nimelitia sahihi kwa moyo mweupe.

Kisha nikaisoma ripoti yote. Una haki ya kunicheka. Ukurasa wa pili unasema filamu ilitembea yote, futi zote, na picha zikatoka nyeusi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kamera iliwashwa. Baba yako alisema uongo, na wakubwa wake wakaupokea uongo huo bila hata kulinganisha kurasa mbili, kwa sababu walishapata mtu wa kumtupia mzigo. Na mimi nikaufuata miaka arobaini na sita baadaye, na mshahara napokea.

Basi nikaingia tumboni mwa ndege na taa. Godoro lake bado lipo. Lilikuwa linaliwa na wadudu, nikalitoa ili nilipulizie dawa, nikakuta limepasuliwa pembeni na kushonwa tena kwa uzi mkubwa, mshono wa mwanamume, unisamehe. Nikalifungua. Ndani ya pamba kulikuwa na kitu kimekunjwa.

Nikueleze kwanza jinsi kamera ilivyokaa. Iko sakafuni, lenzi inatazama chini kupitia tundu. Mpiga picha hakuchungulia kwenye lenzi, alikuwa na kidirisha chake pembeni. Ndege ikiwa imeegeshwa, tundu lile lilivalishwa kifuniko cha turubai kwa nje, mawe na vumbi visiingie. Kabla ya kuondoka, fundi wa chini, yaani anayeiandaa ndege uwanjani, alikitoa. Sheria ya kikosi nimeipata: kila kifuniko kiwe na utepe mwekundu unaoning'inia urefu wa mkono, ili kisisahaulike.

Nilichokuta ndani ya godoro ni kifuniko hicho. Ni cha kijivu, rangi ileile ya tumbo la ndege. Na hakina utepe.

Unaona? Fundi wa chini hakukiona. Ndege ikaruka imefumbwa jicho. Baba yako aliiona nchi yote kupitia kidirisha chake, akabonyeza kila alipotakiwa kubonyeza, na kamera haikuona kitu. Aliposhuka, wa kwanza kupita chini ya ndege ni yeye. Akakikuta. Badala ya kukipeleka kwa wakubwa akakificha.

Kwa nini alikificha sijui, pengine ni mshtuko. Lakini mkosaji wa kweli tumempata, dada yangu, na nimeshaandika rasimu ya kibao kipya: "Safari ya thelathini na nne haikuleta picha kutokana na uzembe wa mshonaji wa kikosi, aliyeshona kifuniko bila utepe mwekundu uliotakiwa kisheria." Kumbukumbu zinasema kambini kulikuwa na mshonaji mmoja tu, mwanamke, raia wa kawaida. Jina hawakuliandika. Namtafuta.

Nimekuwekea picha ya kifuniko. Wewe ni mtu wa kazi hiyo, utazame mshono. Kila pembe amerudi nyuma mara tatu, kisha fundo kalificha ndani ya pindo. Kazi safi. Inatia uchungu kwamba mtu mwenye mkono mzuri hivi alikuwa mvivu kiasi hicho.

Ulikuwa sahihi kuanzia mwanzo. Mpe mama habari njema.

Fundi Mhifadhi


22 Machi

Dada,

Sijapata jibu lako. Labda barua imechelewa. Rasimu ya kibao iko kwa Mkuu, na kwa mara ya kwanza ameipenda kazi yangu, anasema watu hupenda kujua nani alikosea. Mchongaji anasubiri tu tumpe maneno. Neno moja kutoka kwako linatosha.

Fundi Mhifadhi


24 Machi

Fundi Mhifadhi,

Acheni kibao cha kwanza kama kilivyo.

Kifuniko ukirudishe ulikokitoa. Mshonaji usimtafute. Uzinduzi hatutakuja. Nimemwambia mama kwamba tarehe imeahirishwa.

Samahani kwa usumbufu.

Binti wa mpiga picha


27 Machi

Dada,

Hapana. Hili silikubali, na naliandika nikiwa nimesimama.

Umenivua nguo kwa barua mbili. Umeniita mfuta vumbi. Nimepokea onyo la maandishi kwa ajili yako, nimelala chali chini ya ndege wiki nzima, shingo haigeuki. Nimeleta ushahidi unaomsafisha baba yako kabisa. Na sasa unaniambia nirudishe ushahidi godoroni, na yeye abaki mzembe mbele ya kila atakayelipa kiingilio?

Kuna mtu amekutisha? Kuna mtu amekufuata dukani? Kama ni Mkuu, niambie, nitajua pa kwenda. Kama si yeye, basi sikuelewi. Baba yako alibeba gunia la mtu mwingine miaka arobaini na nne hadi anaingia kaburini. Mwanamke mmoja aliona uvivu kukata kipande cha kitambaa chekundu, watu kumi na mmoja wakaenda na maji, na yeye huenda alizeeka raha mustarehe mahali fulani. Wewe uliyepigana shuleni kwa ajili ya jina la baba yako unataka kumlinda huyo?

Mchongaji nimemwambia aanze Jumatatu ya tarehe 15 Aprili. Kunizuia unahitaji sababu, na iwe sababu ya kueleweka.

Fundi Mhifadhi


2 Aprili

Mwanangu Fundi,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Mshonaji ni mimi.

Binti yangu hajui kwamba nakuandikia. Barua zako alizificha kwenye droo ya vifungo ya cherehani, mahali ambapo mimi nilianza kuficha vitu kabla hajazaliwa. Nimezisoma zote. Picha nimeitazama kwa miwani yangu, kisha kwa miwani yake. Mshono ni wangu. Kurudi nyuma mara tatu nilijifunza mwenyewe, na binti yangu nikamfundisha akiwa na miaka tisa, kwa hiyo alipouona hakuhitaji kuuliza mtu. Ndiyo maana alikuandikia barua ya mistari minne. Hakuna aliyemtisha. Ulimwambia achague kati ya baba na mama, akachagua aliye hai.

Sasa nisikilize. Nina hasira na watu watatu. Wewe ni wa tatu, kwa hiyo usiogope sana.

Wa kwanza ni bwana stoo wa kikosi. Vifuniko vya zamani vilichakaa, nikaambiwa nishone vipya sita. Turubai ya kijivu nikapewa. Nikaomba kitambaa chekundu cha tepe. Akasema nirudi kesho. Nikarudi kesho, akasema mama, unanisumbua. Mara ya tatu nikaomba kwa maandishi, kwa sababu niliona jambo hili litakuja kunirudia. Chini ya ombi langu akaandika, "Nyekundu imekwisha. Shona bila," akagonga na muhuri. Ilikuwa haijaisha. Jora zima la kitambaa hicho nililiona kwa macho yangu, limetandikwa kutoka kwenye gari hadi jukwaani, na lililobaki limekatwa utepe, kwa ajili ya mkubwa mmoja aliyekuja kukagua kikosi. Alipita juu yake dakika moja. Utepe akaukata, wakampigia makofi. Karatasi ile yenye muhuri ninayo. Ilikuwa kwenye droo ileile ya vifungo, chini ya zipu mbovu. Nakutumia, uitunze.

Wewe umeandika kwamba nilikuwa mvivu na kwamba nilizeeka raha mustarehe. Nimezeeka, hilo ni kweli. Lakini kila mwaka siku ile sishoni. Nakaa na mashine imefunikwa, nahesabu hadi kumi na moja, narudia. Binti yangu hudhani ni mgongo.

Na kosa ninalo. Sitaki unisafishe ukapitiliza. Nilijua utepe ni wa nini, nikashona bila utepe. Ningeweza kukata sketi yangu nyekundu. Nilikuwa nayo moja, nzuri, nikaionea huruma. Hilo liandike au usiandike, lakini wewe ulijue.

Wa pili ni mume wangu. Mungu amlaze pema, ila siku nitakayokutana naye atanieleza. Jioni ile alirudi, nikamuuliza kitu kimoja tu: kifuniko kilitolewa? Akaniambia, "Nilisahau kuwasha kamera." Akavua viatu, akaviweka sambamba kama kawaida yake. Mtu yule hakuwahi kusahau kitu, hata bei ya sukari ya mwaka tuliooana aliikumbuka. Nilijua ananidanganya. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya huyuhuyu anayekuandikia matusi, na vitani mwanamke raia aliyeharibu kazi ya kijeshi hakuulizwa mara mbili. Uongo wake ulikuwa mlango wa kutokea, nikapita, nikaufunga nyuma yangu.

Nani alimtuma? Aliniuliza? Angekuja na kile kifuniko mkononi akaniambia, mke wangu, hiki hapa, mimi ningefungua droo nikamwambia, na hii hapa karatasi yenye muhuri. Tungekwenda wawili. Bwana stoo angejibu. Lakini yeye hakujua kwamba nina karatasi, na mimi sikujua kwamba ana kifuniko. Kila mmoja alimficha mwenzake kwa kumpenda, tukala meza moja miaka arobaini na nne, na huko nje mume wangu anaitwa Picha Nyeusi na bwana stoo anapandishwa cheo. Nikifikiri hapo, mwanangu, natamani kupiga kitu.

Kwako wewe hasira yangu ni ndogo. Kibao cha kwanza kiliandikwa mpiga picha mzembe. Wewe ukaona umerekebisha kwa kuandika mshonaji mzembe. Mmeshika kidole kilekile, mmekigeuza tu upande. Mbona hakuna aliyeuliza kitambaa kilikwenda wapi?

Kibao kiandikwe upya. Na uzinduzi nitakuja. Tarehe haijaahirishwa, nimesikia redioni.

Mama yake binti, mshonaji wa kikosi


9 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya ndege, kwenye nafasi ya godoro lake. Sikutaka mtu anione. Nakuomba radhi kwa kila neno. Sikujua naandika habari za nani, lakini hiyo si sababu. Nilipaswa kuandika kana kwamba wewe utasoma.

Dada amepiga simu kazini, anasema umeshamwambia yote. Ameniambia mambo mengi, kisha akalia, kisha akaniambia nimpime Mkuu kama ana akili timamu. Nadhani tumepatana.

Rasimu mpya ni hii: "Ndege hii ilipiga picha katika safari thelathini na tatu. Katika safari ya thelathini na nne jicho la kamera lilifunikwa na kifuniko kisicho na utepe mwekundu. Mshonaji aliomba kitambaa mara tatu, akanyimwa. Mpiga picha alikificha kifuniko ili mwingine asiadhibiwe, akaadhibiwa yeye. Askari kumi na mmoja walipotea mtoni."

Mkuu amekubali yote isipokuwa neno "akanyimwa". Anataka tuseme "kitambaa kilikosekana", kwa kuwa bwana stoo alikuja kuwa mtu mkubwa na familia yake imealikwa. Nimekataa, ananisubiri nichoke. Sijui nitashinda vipi, Mama, ila karatasi yako nimeiweka kwenye kabati la kioo chini ya kibao, muhuri unaonekana vizuri. Kabati nimelifunga, na funguo ninazo mimi.

Kuna jambo jingine, na naona aibu kulisema. Siku ya uzinduzi mheshimiwa atakata utepe mbele ya ndege. Utepe umeshanunuliwa. Ni mwekundu, mita kumi na mbili.

Mwanao, Fundi Mhifadhi


13 Aprili

Mwanangu Fundi,

Mwambie Mkuu wako hivi. Kitambaa hakikukosekana. Kilikuwepo, nikanyimwa. Akitaka neno jingine, tarehe 20 nitasimama mbele ya hiyo familia niwasomee karatasi yenyewe, na sauti bado ninayo.

Kwa ule utepe, msimpe mtu mkasi. Mwambieni mheshimiwa atazame tu, atafute siku nyingine ya kukata. Mita kumi na mbili ni nyingi. Mimi nahitaji urefu wa mkono mmoja. Kifuniko kile ukikung'ute vumbi, usikifue, ukivalishe mahali pake kwenye tundu. Nitakimalizia pale pale, watu wakiona. Binti yangu atashika taa, ameshakubali, japo bado ananinunia.

Uzi na sindano nitakuja navyo. Wewe niwekee kiti kifupi chini ya tumbo la ndege. Magoti siwezi tena kupiga.

Mshonaji wa kikosi